Msaada wa kutambua vipande sita: vipi ni tokeni za maduka ya Uingereza za miaka ya 1600?

Shaba_Kisumu aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Nina vipande sita vilivyouzwa pamoja katika bahasha moja iliyoandikwa "tokeni za Uingereza, karne ya 17", yaani vipande vya chenji ambavyo wenye maduka walijitengenezea. Nimevipima kwa mizani ya sonara na kalipa. Hali yake ni hii:

1. Upana mm 16, uzito gramu 0.9, shaba nyekundu, nyembamba. Katikati kuna herufi tatu: B juu, T na M chini yake. Ukingoni nasoma OF NEWPORT, na upande wa pili jina limelika.
2. Upana mm 21, gramu 2.1, shaba ya manjano. Upande mmoja HIS HALF PENY na 1667. Upande wa pili SOVTHWARKE, na katikati mtu amesimama na fimbo yenye vitu virefu vinavyoning'inia, kama samaki wanaoanikwa.
3. Upana mm 24, shaba ya manjano nyembamba kama karatasi ngumu. Tufe lenye msalaba juu, ndani ya matao matatu. Upande wa pili mataji na maua yamezunguka waridi.
4. Upana mm 29, gramu 9.6, nene, na ukingo wenyewe una maandishi.
5. Upana mm 13. Waridi lenye taji. Shaba ni nyekundu lakini ina kiraka kidogo cha manjano.
6. Upana mm 17, haisomeki. Ina unga wa kijani hafifu ambao nikiufuta unarudi.

Maswali: vipi ni tokeni za kweli? Nisafishe kwa ndimu au kwa magadi? Na nivihifadhi vipi huku ziwani ambako kila chuma kinashika kutu?

---

Hesabu_Nakuru alijibu:

Ndugu, usisugue kitu chochote, hata kwa kitambaa. Na cha 6 kitenge na wenzake leo hii, kiweke kwenye kijaluba chake peke yake mpaka mtu wa kemia akueleze.

Vya 1 na 2 ni tokeni za maduka bila shaka. Cha 6 huenda ni mwenzao kwa upana wake. Vitatu vilivyobaki ni vitu vingine, na aliyeandika bahasha aliunganisha tu kila kilichoonekana kizee.

Cha 3 ni jetoni ya Nuremberg, Ujerumani. Si pesa. Ni kete ya kufanyia hesabu juu ya meza yenye mistari, kama vile mtoto anavyohesabu kwa vifuniko vya soda. Lile tufe lenye msalaba ndani ya matao matatu ndilo alama yake kubwa. Soma ukingoni: ukikuta HANS KRAVWINCKEL umempata fundi wake, jina ambalo lipo kwenye nyingi mno kati ya hizi.

Cha 4 ni tokeni kweli, ila imekosewa karne. Mwaka 1787 mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey, ulianza kutoa peni zake, na kwa miaka kumi hivi miji na viwanda vikafuata. Hizo ni nene na nzito, na nyingi zina maandishi ukingoni yanayoanza PAYABLE AT, yaani mahali pa kulipwa. Tokeni ya miaka ya 1600 haina maandishi kwenye unene wa ukingo, maana haina hata unene wa kuyabeba. Ukiona ukingo umeandikwa, usiendelee kubishana.

Cha 5 ni fathingi, yaani robo peni, ya waridi ya mfalme Charles I wa Uingereza, iliyoanza 1636. Hicho kiraka cha manjano si uchafu wala matengenezo ya baadaye. Kiliwekwa makusudi, shaba ya manjano ndani ya nyekundu, ili waghushi washindwe kuiga. Kukiona bado kimekaa ni jambo zuri.

Sasa tokeni zenyewe. Leseni ya fathingi za kifalme ilikufa wakati wa vita vya Bunge na Charles I, naye akakatwa kichwa Januari 1649. Pauni moja ilikuwa na peni 240, peni moja fathingi nne, na watu walinunua mshumaa, mkate au tumbaku kwa fathingi. Bila chenji duka halifanyi kazi. Huku kwetu mwenye duka akikosa shilingi anakupa peremende. Wao waliagiza vipande vyao vyenye jina, mji na alama ya biashara, na aliyetoa alitakiwa kuvipokea tena dukani kwake. Ndiyo maana kila kipande kilizunguka mitaa michache tu, mpaka mahali ambapo jina la mwenye duka halijulikani. Vilidumu hadi 16 Agosti 1672, Charles II alipotangaza fathingi na nusu peni za shaba za serikali na kuvikataza vya watu binafsi. Aina zilizoorodheshwa zinapita 12,000.

Kusoma kipande cha 1: anza juu kabisa kwenye ua au nyota ndogo, zunguka kulia. Kwa kawaida upande mmoja una jina la mtu, wa pili una mahali baada ya OF, IN au AT. Herufi tatu za katikati ni za familia: ya juu ni jina la ukoo, za chini ni mume na mke. Kwa hiyo unamtafuta bwana wa ukoo unaoanza na B, jina lake T, mkewe M. Mke mara nyingi ndiye aliyesimama dukani, na kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote za tokeni hizi: mwanamke wa kawaida wa mji mdogo, herufi yake imegongwa kwenye shaba pamoja na ya mumewe. Wajane walitoa za kwao pia, na hapo utasoma HER HALF PENY badala ya HIS. Kumbuka I inasimama pia mahali pa J, na V mahali pa U.

Tatizo lako ni Newport. Ipo Newport ya kisiwa cha Wight, ipo ya Shropshire, ipo ya Essex, na nyingine Wales. Usiamue kwa kukisia. Tafuta orodha ya kila kaunti na ulinganishe herufi za familia na alama, siyo jina la mji peke yake.

Cha 2 ni nusu peni, na mwaka wake unakubaliana na umbo. Fathingi zilitangulia, nusu peni nyingi ni za miaka ya 1660. Usiitafute chini ya London. Southwark iko ng'ambo ya kusini ya mto Thames, na wakati ule ilihesabiwa upande wa Surrey.

---

Bungoma_Kale alijibu:

Mimi nakubaliana na yote ila la kutosugua kabisa. Tokeni yenye udongo mgumu haisomeki. Iloweke kwenye mafuta ya zeituni wiki kadhaa, uchafu unalainika, unauondoa kwa kijiti cha meno. Ni njia ya zamani na haikwaruzi.

---

Maabara_Kakamega alijibu:

Ndugu yangu wa Bungoma, hiyo njia imeandikwa kila mahali, lakini mafuta ya zeituni yana asidi zake, na yakikaa yanazidi kuwa makali. Asidi hizo zinakula shaba polepole na kutengeneza sabuni ya kijani ambayo unaidhania ni uchafu unaotoka. Sarafu nene ya karne ya 20 inaweza kuvumilia. Kipande cha gramu 0.9 ambacho herufi zake zimebaki kama ukungu tu, hapana. Unaweza kuondoa udongo ukaondoa na jina.

Kwa udongo wa kawaida tumia maji yaliyotoneshwa. Pale petroli stesheni yanauzwa kama maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri inauzwa rafu hiyohiyo, na hiyo itakumalizia kipande pamoja na vidole. Loweka siku 2 au 3, badilisha maji kila siku, halafu ondoa kilicholainika kwa kijiti cha mwanzi au mwiba, ukiangalia kwa kioo cha kukuzia cha mara 10. Kijiti kisogezwe kutoka sehemu tupu ya katikati kuelekea herufi, kisipite juu ya herufi. Udongo usiotoka, uache.

Ndimu, siki, kola, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia vyombo, vyote hivyo viweke mbali. Asidi ikigusa shaba ya manjano huondoa zinki kwanza, na kipande kinabaki na madoa ya waridi ambayo hayarudi tena kuwa ya manjano.

Sasa kipande cha 6. Unga wa kijani hafifu unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba. Ndani kuna kloridi, yaani chumvi iliyoingia kipande kilipokuwa ardhini. Kloridi ikikutana na unyevu na hewa inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, na katika kula huko kloridi inarudi ikiwa huru kuanza upya. Ndiyo maana kufuta hakusaidii: umeondoa majivu, moto umeuacha. Usiichanganye na kijani kizito, kigumu na laini kama kimepakwa rangi. Hicho ni utando wa kawaida na ndio unaolinda kipande. Jaribio: gusa kwa ncha ya kijiti. Kikipukutika kama unga wa chaki, ni ugonjwa. Kisipopukutika, kiache.

Hatua zake: pukutisha unga wote kwa kijiti hadi chini ya kishimo. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, ukibadilisha kila siku wiki ya kwanza, kisha mara moja kwa wiki. Kama baada ya mwezi ungali unarudi, tengeneza mchanganyiko mwepesi: gramu 5 za kaboneti ya sodiamu kavu na gramu 4 za baikaboneti katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Baikaboneti ni ile soda ya kuokea. Beking pauda ni kitu kingine, ina asidi ya unga ndani yake. Badilisha mchanganyiko kila wiki na uangalie rangi. Maji yakigeuka buluu, unapoteza utando, toa kipande urudi kwenye maji matupu. Usiongeze nguvu ya mchanganyiko ili umalize haraka, kwani hapo ndipo buluu inapoanzia.

Umeuliza magadi. Swali zuri kuliko unavyodhani, maana magadi kwa asili yake ni mchanganyiko huohuo wa kaboneti na baikaboneti. Lakini yale ya sokoni yanakuja na chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ni kloridi. Utakuwa unamlisha mgonjwa sumu iliyomlaza. Yaache kwenye mboga.

Mwisho suuza kwa maji yaliyotoneshwa siku 3, kisha chovya dakika chache kwenye asetoni safi ili kutoa maji yaliyojificha kwenye vishimo. Fanya hivyo nje au dirisha likiwa wazi, mbali na moto. Asetoni inunuliwe kwenye duka la kemikali. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato. Halafu kausha chini ya balbu yenye joto kwa saa kadhaa.

---

Bungoma_Kale alijibu:

Nimekuelewa dada. Kuhusu mafuta narudisha maneno yangu.

---

Hesabu_Nakuru alijibu:

Naongeza juu ya kusoma bila kugusa, kwa sababu mara nyingi tunasafisha kitu ambacho taa ingekisoma. Zima taa za chumba. Weka kipande juu ya kitambaa cheusi, simu juu yake imesimama wima kwenye vitabu viwili ili isitikisike. Chukua tochi ya simu nyingine, ilaze mpaka mwanga uje kwa pembeni kabisa, karibu usawa wa meza. Piga picha, zungusha tochi nusu ya robo ya mzunguko, piga tena, picha 8 jumla. Herufi isiyoonekana mwanga ukitoka kushoto hujitokeza ukitoka juu. Kisha kwenye programu ya picha ondoa rangi, ongeza ukinzani, na jaribu kugeuza nyeusi kuwa nyeupe. Kivuli kinakuwa mstari na jicho linashika.

Andika kila herufi unayoiona kwenye karatasi yenye duara, mahali pake hasa, na nukta pale pasiposomeka. T.M.S B...R yenye nafasi zilizopimwa vizuri inatosha kumtambua mtu kwenye orodha. Jina lililokisiwa halitoshi.

---

Shaba_Kisumu alijibu:

Asanteni sana. Nimefanya ya tochi kwa kipande cha 2. Ukingoni upande wa yule mtu wa samaki, mwanga ukitoka chini, zinatokea herufi ...NDLER kabla ya IN SOVTHWARKE. Na wale samaki wako 5 au 6, wote urefu sawa, hawana mikia.

---

Hesabu_Nakuru alijibu:

Basi si samaki ndugu yangu, ingawa kwa mtu wa Kisumu ni haki kabisa kuona omena na mbuta kila mahali. Hiyo ni CHANDLER, mtengenezaji wa mishumaa. Yule mtu ameshika ufito uliofungwa nyuzi za pamba, anazichovya kwenye pipa la mafuta ya mnyama yaliyoyeyuka, anainua, zinaganda, anachovya tena, hadi zinenepe. Angalia chini ya ncha za mishumaa: ukikuta pipa au beseni, hakuna shaka. Urefu sawa ndio uliokuonyesha.

Picha za namna hii zilikuwa bango la duka kwa wasiojua kusoma. Mizani mara nyingi ni mwokaji, kwa kuwa imo kwenye nembo ya chama cha waokaji. Kichwa cha msichana mwenye nywele zilizoachiliwa ni wauza nguo wa chama cha Mercers. Karafuu zimepangwa pande za alama kama V iliyopinduliwa ni wauza viungo wa chama cha Grocers. Njiwa watatu ni watu wa mishumaa vilevile. Koni ndefu ni sukari, iliyouzwa kwa umbo hilo. Kichwa cha Mturuki mwenye kilemba ni nyumba ya kahawa, na hizo za kahawa wakusanyaji huzigombania. Tahadhari moja: nembo ya chama inaonyesha alikosajiliwa mtu, wala si lazima iwe ndicho alichokiuza. Kijijini muuza viungo aliuza kila kitu.

Kwa kuwa una kazi ya mtu, mwaka na mahali, sasa unaweza kumtafuta. Orodha ya Williamson ya 1889 hadi 1891 ndiyo ambayo wauzaji wote hutumia nambari zake, kaunti kwa kaunti, na kwa umri wake nakala zake husomeka bure mtandaoni. Hifadhi ya taarifa ya Portable Antiquities Scheme nayo ina picha za tokeni nyingi zilizookotwa mashambani Uingereza, bure pia. Tafuta humo kwa neno la mji na la alama. Tahajia za wakati ule ni huru: STREETE, SOVTHWARK na SOVTHWARKE ni mamoja, na PENY yenye N moja ni kawaida, si dalili ya kughushi.

---

Maabara_Kakamega alijibu:

Limebaki la kuhifadhi. Kisumu tatizo ni unyevu, na vifaa vingi vya kuhifadhia vinaongeza tatizo la pili.

Chunguza vifuko vya plastiki kwanza. Vilivyo laini, vinavyonukia kama pazia jipya la bafuni, ni PVC. Baada ya miaka michache vinatoa ute wa kijani unaonata. Kupima: pasha waya wa shaba uwe mwekundu, uguse plastiki, uurudishe kwenye moto. Mwali ukiwa wa kijani, usitumie. Fanya nje, usivute ule moshi. Ute ukishatokea unatoka kwa asetoni safi, lakini madoa chini yake yanabaki.

Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi ndizo bora na ndizo rahisi. Andika kwa penseli kabla ya kutia kipande, usiandike kipande kikiwa ndani. Ukitumia kadi za kubana kwa stepla, pini zikae mbali na kipande na uzikandamize kwa koleo, kwa maana huku pini hushika kutu upesi na ncha yake hukwaruza kadi jirani.

Bahasha zote ziingie kwenye kopo la plastiki ngumu lenye mfuniko wa kubana na mpira, pamoja na gramu 50 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Unataka kisomeke chini ya asilimia 40, maana ugonjwa wa shaba hauwezi kuendelea pakavu. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu kwa kawaida vimeshajaa maji vinapokufikia. Vipasue, mwaga chembe kwenye trei, zikaushe kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, ziache zipoe ndani ya chupa iliyofungwa. Usitie kipakiti kizima, mfuko wake unayeyuka. Kopo lisifunguliwe ovyo wakati wa masika.

Kipande cha 6 kikae karantini miezi 3 baada ya kukauka. Kiangalie kila wiki kwa kioo. Kikibaki kimya, kirudishe kwa wenzake.

---

Shaba_Kisumu alijibu:

Nimenunua silika na kopo. Swali la mwisho: nikitaka kuongeza nyingine za watu wa mishumaa tu, niangalie nini kwa muuzaji wa mtandaoni? Na zenye tundu nizikwepe?

---

Hesabu_Nakuru alijibu:

Kuchagua biashara moja ni mpango mzuri. Unajifunza haraka kuliko kununua kila kitu.

Tundu: senti zetu za Afrika Mashariki zilitoka kiwandani na tundu. Tokeni hizi hazikuwa nalo. Likiwepo lilitobolewa baadaye, huenda lilivaliwa, na bei ishuke sana. Kama jina na mji vinasomeka na aina ni adimu, chukua. La sivyo, acha.

Mwombe muuzaji picha za pande zote mbili zenye mwanga wa pembeni, upana, uzito na nambari ya Williamson. Asiyejua uzito hajaipima, na asiyeipima hajaisoma. Kughushi si kwingi kwa kuwa tokeni nyingi ni za bei ya chini, ila nakala za kumiminwa zipo: tafuta vitundu vidogo kama vya ugali usiokolea, herufi zenye mabega ya mviringo, na mstari wa muungano ukingoni. Za kweli ziligongwa chapa kwenye bamba jembamba la shaba. Picha kuwa nje ya katikati, au herufi kukatwa upande mmoja, ni kawaida na haikupunguzii imani. Umbo la moyo, la mraba na la pembe nane pia ni la kweli, hasa kwa nusu peni.

Usilipie ung'aavu. Ikiwa njano kama kitasa kipya, imesuguliwa. Lipia jina, mahali na alama.

Muulize pia kama kilichimbwa ardhini. Kitu cha zaidi ya miaka 50 kilichotoka ardhini Uingereza kinaweza kuhitaji kibali cha kukitoa nchini, na hiyo ni kazi ya anayetuma, aifanye kabla hajafunga kifurushi. Kikifika, kabla ya bahasha na kopo, kiloweke siku mbili kwenye maji yaliyotoneshwa, kikauke, kikae peke yake mwezi mmoja, ndipo kiingie kwa wengine.